Kelele za Mota ya Ndege Huhesabiwa Kabla Ndege Haijaruka

(Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma, Iyunga, Mbeya)



Abiria anayetoka Dar es Salaam kwenda Songwe kwa ndege ya mapangaboi ya Shirika la Ndege la Tanzania husikia, mara ndege ikishatulia angani, mvumo mzito usiobadilika. Wengi hudhani kuwa huo ni mngurumo wa injini. Sivyo. Ndege hiyo ni ya aina ya Dash 8 Q400, na mbili za aina hiyo zilipokelewa nchini mwezi Septemba 2016. Kila bawa lina pangaboi lenye mapanga sita, na katika safari ya kawaida angani pangaboi hilo huzunguka mara 850 kwa dakika. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kufanya hesabu iliyobaki. Mara 850 zikizidishwa kwa sita ni 5,100, na 5,100 zikigawanywa kwa sekunde 60 ni 85. Kila panga linapopita kando ya ubavu wa ndege huupiga kofi dogo la hewa, na makofi hayo ni 85 katika kila sekunde. Wakati wa kupaa, pangaboi linapozunguka mara 1,020 kwa dakika, hesabu ile ile hutoa 102. Hiyo ndiyo sauti inayosikika, na yeyote mwenye kalamu na karatasi angeweza kuitaja kabla ndege haijawashwa.

Herufi Q katika jina la ndege hiyo ni kifupi cha neno la Kiingereza lenye maana ya utulivu. Tangu mwaka 1996 ndege za ukoo huo zimefungwa mtambo wa kupunguza mvumo. Maikrofoni zilizofichwa ndani ya chumba cha abiria husikiliza, kompyuta hupima, na vitikisio vidogo vilivyofungwa kwenye mbavu za ndege hutetema kinyume cha mtetemo uliopo, ili wimbi moja liue jingine. Mtambo huo usingewezekana kama sauti ya kupigana nayo ingekuwa ya kubahatisha. Uliwezekana kwa sababu wahandisi walijua mapema ni mitetemo mingapi itakuja, kutoka wapi, na kwa mpangilio gani.

Sasa zipo ndege ambazo pangaboi lake halizungushwi na injini ya mafuta bali na mota ya umeme. Mwezi Juni 2020 mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya iliidhinisha ndege ndogo ya viti viwili iliyotengenezwa Slovenia, iitwayo Velis Electro, kuwa ndege ya kwanza ya umeme kupata hati kamili ya aina yake. Afrika Mashariki nayo haiko mbali na jambo hili. Nchini Rwanda, tangu mwezi Oktoba 2016, ndege za umeme zisizo na rubani zimekuwa zikipeleka damu katika hospitali. Na hapa Tanzania, mwaka 2018, ndege ya umeme isiyo na rubani ilijaribiwa kwa muda wa miezi sita kupeleka dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe. Ilikuwa safari ya kilometa 60 iliyochukua wastani wa dakika 40, wakati safari ya nchi kavu ni ya kilometa 240 na huchukua kama saa sita.

Husemwa mara nyingi kwamba chombo cha umeme hakina kelele. Maneno hayo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ina gharama. Ni kweli kwamba mota haina mlipuko wa mafuta, haina bomba la moshi, wala haina pistoni inayopanda na kushuka. Lakini mota ina sumaku, na sumaku huvuta chuma. Chuma kinachovutwa na kuachwa, kikivutwa tena na kuachwa tena mara mia kadhaa kwa sekunde, hutetema. Kinapotetema huitikisa hewa, na hewa ikitikisika sikio husikia. Mtetemo huo hauishii kwenye sikio. Huingia katika beringi, katika skrubu, katika maungio ya waya na katika bawa lililoibeba mota.

Jambo hili laweza kuthibitishwa bila kwenda Slovenia. Transfoma ya umeme iliyo juu ya nguzo huvuma mchana na usiku. Umeme wa gridi ya taifa hubadili mwelekeo na kurudi mara 50 kwa sekunde, lakini mvumo wa transfoma ni wa mara 100. Kwa nini mara mbili? Kwa sababu chuma hakijali kama kinavutwa na ncha ya kaskazini au ya kusini. Kila umeme unapofikia kilele chake, upande huu au upande ule, chuma hupata msukosuko wake. Mota ya mashine ya kusaga mahindi hufuata sheria hiyo hiyo, ndiyo maana nayo huvuma kwa mara 100. Walimu wa fizikia wataona kwamba hapo pana kanuni: nguvu ya mvuto hufuata mraba wa nguvu ya sumaku, si nguvu yenyewe.

Na nguvu hiyo si ndogo. Katika mwanya mwembamba wa hewa uliopo kati ya sehemu ya mota inayozunguka, yaani rota, na sehemu iliyosimama, yaani stata, uga wa sumaku unaweza kufikia kama tesla moja. Kwa kiwango hicho, kila sentimeta moja ya mraba ya chuma huvutwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo nne. Mota isiyozidi ukubwa wa sufuria ya familia ina mamia ya sentimeta za mraba za namna hiyo. Hivyo kilo mamia kadhaa huivuta stata kuelekea ndani, na mvuto huo haukai mahali pamoja, bali huzunguka pamoja na rota. Kama mvuto ungekuwa sawa pande zote ungebatilishana na kusingekuwa na neno. Taabu huanza pale unapozidi upande huu na kupungua upande ule.

Hapo ndipo hesabu ya shule ya msingi inapoingia katika kazi ya mhandisi wa ndege. Stata ya mota ina meno ya chuma ambayo waya wa shaba umezungushiwa, na rota ina ncha za sumaku zilizopangwa kwa kupokezana. Mbuni huchagua idadi ya meno na idadi ya ncha. Tuchukue meno 12 na ncha 10. Kigawo kikubwa cha shirika cha 12 na 10, ile KKS inayofundishwa darasani, ni 2. Maana yake ni kwamba mvuto huibana stata katika pande mbili zinazotazamana, na kuifanya itake kuwa na umbo la yai. Meno 12 na ncha 8 yana KKS ya 4, kwa hiyo stata hubanwa katika pande nne. Na meno 9 kwa ncha 8 yana KKS ya 1, yaani mvuto wote huelemea upande mmoja na kuzunguka nao. Rota huburutwa huku na huku ndani ya beringi zake, na hakuna kulainisha kwa grisi kutakakoondoa kasoro iliyozaliwa na namba.

Tofauti kati ya kubanwa pande mbili na kubanwa pande nne ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Pete nyembamba ya chuma ikibanwa pande mbili hulegea upesi na kuwa yai, lakini ikibanwa pande nne kwa nguvu ile ile hukakamaa. Hesabu ya pete ni hii: chukua idadi ya pande, ipigie mraba, toa moja, kisha jibu lipigie mraba tena. Kwa pande mbili jibu ni 9. Kwa pande nne ni 225. Kwa hiyo pete hujikunja mara 25 zaidi inapobanwa pande mbili kuliko inapobanwa pande nne. Mota mbili zenye uzito mmoja, shaba ile ile na nguvu ile ile zaweza kutofautiana kiasi hicho kwa sababu tu ya ncha mbili zilizozidi au kupungua kwenye mchoro.

Mtu angesema basi, na itengenezwe mota ya meno 12 na ncha 8, shauri liishe. Haliishi. Kuna kigawe kidogo cha shirika pia, ile KDS. Ya 12 na 8 ni 24, na ya 12 na 10 ni 60. Namba hiyo hueleza ni mara ngapi katika mzunguko mmoja rota husita kidogo inapovutwa na meno. Misito mingi ni midogo midogo na mota huzunguka laini, lakini misito michache huwa mizito. Kwa hiyo mota ya ncha 10 huzunguka laini lakini hubana mwili wake vibaya, na ile ya ncha 8 huutunza mwili wake lakini huzunguka kwa kusitasita. Mbuni anachagua ugonjwa atakaoweza kuutibu. Anaweza kuyapinda meno kidogo kama uzi wa skrubu, au kuchonga kingo za sumaku, au kuongeza unene wa stata na kulipa kwa uzito. Katika mashine ya kusaga, kilo mbili za chuma cha ziada si kitu. Katika ndege, kilo hizo mbili ni dawa iliyoachwa chini.

Baada ya kujua nguvu, hubaki kujua mwili utaitikiaje. Kila kitu kigumu kina mlio wake wa asili. Kengele ya shule ikigongwa hutoa sauti yake ile ile, iwe imegongwa kwa chuma au kwa jiwe. Stata ya mota nayo ni kengele. Ikiwa sumaku zinaibana mara nyingi sawasawa na mlio wake wa asili, mtetemo hukua kama bembea inayosukumwa kwa wakati wake, hata kama kila msukumo ni mdogo. Hali hiyo yafaa kuitwa mwitikio, na ndiyo adui mkubwa wa mota ya ndege. Mota ya kiwandani huzunguka kwa mwendo mmoja tu, na mbuni huweza kuukwepesha mwendo huo mbali na mlio wa asili. Pangaboi la ndege ya umeme, hususa lile linaloinua ndege wima, hubadili mwendo kila nukta ili kuiweka ndege sawa. Litapita juu ya milio mingi, na swali ni kama litapita upesi au litakaa hapo.

Wahandisi wa leo huugawa mwili wa mota, kwa kompyuta, katika vipande vidogo maelfu kwa maelfu. Kwanza hukokotoa nguvu ya sumaku juu ya kila kipande, kisha mtetemo wa kila kipande, kisha sauti inayotoka juu ya gamba la nje. Njia hiyo ni nzuri na kwa upande wa idadi ya mitetemo hukosea kidogo sana, kwa kuwa idadi hiyo hutokana na kuhesabu meno, ncha na mizunguko tu. Hukosea zaidi katika ukubwa wa kelele. Sababu yake ni kwamba hakuna anayejua kikamilifu, kabla ya kupima, ni kiasi gani cha mtetemo kitamezwa na shaba iliyosukwa, vanishi iliyokauka, gundi inayoshika sumaku, na skrubu zilizokazwa na mkono wa fundi. Mota mbili zilizotoka meza moja kwa siku moja zaweza kutofautiana. Kwa sababu hiyo, anayetoa utabiri bila kipimo amefanya nusu ya kazi, na anayepima bila utabiri hajui anachokitafuta.

Ndugu Walimu, pana jambo moja ambalo vitabu vya mashine zilizotengenezwa pwani za Ulaya au Asia havitalisema kwa niaba ya Nyanda za Juu Kusini, nalo ni hewa. Katika kimo cha meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambacho ni kimo cha Jiji la Mbeya kwa kukadiria, ujazo ule ule wa hewa una uzito wa kama asilimia 85 tu ya ule wa pwani. Pangaboi huinua mzigo kwa kuisukuma hewa, na msukumo wake hufuata uzito wa hewa pamoja na mraba wa mwendo wa kuzunguka. Hewa ikipungua, mwendo hauna budi kuongezeka. Kipeuo cha pili cha 1 kugawanywa kwa 0.85 ni karibu 1.08. Kwa hiyo ndege ndogo ya umeme inayobeba mzigo ule ule haina budi kuzungusha mapangaboi yake kwa kasi inayozidi ya Dar es Salaam kwa asilimia nane.

Asilimia nane yaweza kuonekana ndogo. Tuitazame kwa mfano wa mota yenye ncha 20 inayozunguka mara 40 kwa sekunde ikiwa Dar es Salaam. Ncha 20 zikipita mbele ya kila jino mara 40 kwa sekunde, jino huvutwa mara 800. Tuseme mlio wa asili wa stata ni 860. Mbuni ameacha nafasi ya asilimia saba na nusu, amejaribu chombo chake pwani, kimetulia, na hati imetiwa sahihi. Chombo hicho kikiletwa Iyunga kitazunguka mara 43.2 kwa sekunde ili kuinua mzigo wake, na jino litavutwa mara 864. Kimeangukia karibu kabisa juu ya mlio wa asili. Hakuna aliyedanganya. Hati ni ya kweli na mota haina ubovu wowote, ila hesabu ilifanywa kwa hewa ya mahali pengine. Zaidi ya hayo, hewa nyepesi hupoza mota vibaya zaidi. Mota ikipata moto, gundi hulainika na sumaku hupungua nguvu, basi mlio wa asili nao huhama kutoka pale ulipokuwa kwenye karatasi.

Mambo ya namna hii huwapata hata wakubwa. Shirika la anga la Marekani, NASA, lilitengeneza ndege ya majaribio ya umeme iliyoitwa X-57, nayo ikapewa jina la Maxwell, yule mwanasayansi wa Scotland ambaye kanuni zake ndizo zinazotumika hadi leo kukokotoa mvuto wa sumaku juu ya chuma. Mpango ulikuwa ifike hatua ya kuwa na mota 14. Mwezi Juni 2023 shirika hilo lilitangaza kwamba kazi itafungwa bila ndege hiyo kuruka hata mara moja. Miongoni mwa sababu ni kwamba ilikuwa imegunduliwa hitilafu inayoweza kutokea katika mfumo wa kuiendesha ndege, na kuirekebisha kungehitaji muda ambao haukuwapo. Matokeo ya utafiti yalichapishwa ili wengine wayatumie, na hilo ni jambo la kusifiwa. Lakini ndege iliyopewa jina la mwenye kanuni ilibaki chini.

Kelele nayo ni suala la watu, si la mota peke yake. Sikio la mwanadamu halisikii sauti zote kwa usawa. Mvumo wa 85 wa Dash 8 lazima uwe na nguvu nyingi ndipo uudhi, bali mlio wa 800 huudhi hata ukiwa mdogo, kwa kuwa hapo sikio ni kali. Tena kuna kifaa kiitwacho inveta, ambacho hukata umeme wa betri vipande vipande, pengine mara 10,000 kwa sekunde, ili kuulisha mota. Kila mkato huacha alama yake katika sumaku na kutoka kama filimbi nyembamba. Mlio mwembamba unaopanda pale treni ya umeme inapoondoka stesheni una asili hiyo. Na ndege yenye mapangaboi manne au sita, yasiyozunguka kwa mwendo ulio sawa kabisa, hutoa sauti zinazopishana na kukutana, zikipanda na kushuka kama kundi la nyuki lililochokozwa. Desibeli zaweza kuwa chache, na bado mwalimu akalazimika kunyamaza mbele ya darasa hadi ipite.

Kama ndege za dawa zitapita juu ya vijiji vya Rungwe au Mufindi mara mbili kwa wiki, wananchi watazivumilia na kuzipenda. Kama zitapita kila baada ya dakika kumi, juu ya shule ile ile, kwa sababu njia ilichorwa na mtu aliyetazama umbali tu, patakuwa na malalamiko, na malalamiko hayo yatakuwa ya haki. Ramani ya kelele yaweza kuchorwa kabla ya safari ya kwanza, kwa kuwa mwendo wa mapangaboi unajulikana, kimo cha njia kinajulikana, na mahali shule ilipo panajulikana. Ofisi ya wilaya inayoombwa kibali ina kila sababu ya kuitaka ramani hiyo iwe mezani pamoja na maombi yenyewe.

Hili halihusu ndege peke yake. Mtumishi wa umma hupokea mashine nyingi ambazo hazitaruka kamwe: pampu ya maji ya mji mdogo, mota ya kinu, feni ya hospitali, jenereta. Desturi ya kupokea inajulikana. Mashine huwashwa, huonekana inazunguka, karatasi hutiwa sahihi, na chai hunywewa. Kuzunguka si kipimo. Shirika la Kimataifa la Viwango liliweka zamani mipaka ya mtikisiko ambayo mafundi wa dunia nzima wameizoea. Kwa mota ndogo zisizozidi kilowati 15, mtikisiko usiozidi milimeta 0.71 kwa sekunde ni wa mashine mpya iliyofungwa vizuri, hadi 1.8 mashine yaweza kufanya kazi bila wasiwasi, ukipita 1.8 inahitaji kuangaliwa. Na ukipita 4.5 ni mashine inayojiua. Namba moja ya namna hiyo, ikiandikwa katika mkataba wa ununuzi kabla ya malipo, ina uzito kuliko barua kumi za malalamiko baada ya mwaka mmoja. Na pawepo mstari mwingine unaosema mashine ipimwe ikiwa imefungwa mahali pake, katika kimo chake, ikiwa na mzigo wake.

Nani atapima? Mahali pa kujifunzia kazi hiyo si pa kutafutwa mbali. Iyunga ina Shule ya Sekondari ya Ufundi, kama vile Iringa ilivyo na Ifunda. Chuo cha Ufundi Mbeya, kilichoanzishwa mwaka 1986 kutokana na ushirikiano wa Tanzania na Urusi ya Kisovieti, kiligeuka kuwa taasisi mwaka 2005 na kisha Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Karakana za viwanda zina mafundi ambao kwa miaka mingi wameweka ncha ya bisibisi juu ya beringi na mpini wake sikioni, wakasema beringi hii haimalizi mwezi, na ikawa hivyo. Ujuzi huo wa sikio ni mali. Kinachopungua ni kuufunga pamoja na namba, ili kijana aliyefundishwa na fundi huyo aweze kumweleza mhandisi aliye mbali ni mitetemo mingapi aliyoisikia na inatoka katika sehemu gani.

Somo la kwanza laweza kufanywa kwa mota ya mashine ya kusaga, kwa ruhusa ya mwenyewe na ukanda ukiwa umetolewa kwa usalama. Mota ya kawaida ya ncha nne kwa umeme wa hapa nchini huzunguka kama mara 1,450 kwa dakika, yaani mara 24 na kidogo kwa sekunde. Kabla ya kugusa swichi, wanafunzi waandike ubaoni milio wanayoitarajia. Wa kwanza ni 24, wa rota isiyo na mizani kamili. Wa pili ni 100, wa sumaku, kama transfoma. Wa tatu ni wa feni ya kupozea iliyo nyuma: ikiwa ina mapanga saba, ni 169. Wa nne ni wa beringi. Hesabu ya haraka ya mafundi husema kwamba vidonda vya njia ya nje ya beringi hugongwa mara 0.4 ya idadi ya gololi katika kila mzunguko. Kwa gololi nane, na mizunguko 24 na kidogo kwa sekunde, ni kama 77.

Kisha mota iwashwe na sauti irekodiwe. Simu nyingi za mkononi sasa zina kipimo cha mtikisiko kinachosoma mitetemo ya chini, na maikrofoni inayosoma ya juu, na zipo programu za bure za kuichambua sauti katika milio yake. Vilele vitatu, 24, 100 na 169, vitajitokeza karibu na pale vilipoandikwa ubaoni. Cha 24 kikiwa kirefu mno, rota au puli haina mizani, au skrubu za msingi zimelegea. Mahali pa 77 panatakiwa pawe patupu. Pakiwa na kilele hapo, na pembeni yake kingine kwenye 154, njia ya nje ya beringi imekwisha kuchubuka vya kutosha kusikika, na mwenye mashine aambiwe siku hiyo hiyo, ili anunue beringi kabla mahindi ya msimu hayajaanza kuletwa.